Nati ya Fundi Polepole

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kipilipili aliifuta pikipiki ya mama yake. Alianza na taa, akashuka kwenye tangi, akamalizia na gurudumu la mbele. Hapo mkono wake ulipenda kukawia. Jumamosi iliyopita alizivisha spoko za gurudumu hilo mirija ya plastiki, myekundu na ya njano, bila kumwambia mtu. Mama alipoiona alicheka mpaka akajishika mbavu. "Heee! Gurudumu langu limevaa bangili!"

Leo aliifuta huku ameuma meno. Tangi lilikuwa limebonyea, taa imepasuka, na ute wa yai umekaukia kwenye vyuma. Mama yake alisambaza mayai madukani. Jumatatu, akiwa kwenye mteremko wa soko, usukani ulianza kutikisika mikononi mwake kama mtu mwenye homa. Pikipiki ikaanguka, na mayai ya trei nane yakapasuka yote. Bega la mama liliteguka, na sasa mkono wake ulining'inia kwenye kitambaa shingoni.

Kipilipili hakuhitaji upelelezi. Ijumaa, Fundi Polepole aliufungua usukani akabadilisha gololi zake. Jumatatu, usukani ukamwangusha mama. Kuna hesabu gani ngumu hapo?

Shuleni, binti wa fundi alimwaga petroli kwenye moto. "Jamani, mama yake kakaanga mayai barabarani!" alisema wakati wa mapumziko. "Lami ndiyo kikaango!" Darasa zima lilicheka. Kipilipili akageuka akaondoka. Watu waliomjua waliogopa zaidi alipokuwa kimya.

Alasiri, mama akamwambia, "Nisaidie kuisukuma kwa fundi aiangalie."

"Yule yule?"

"Yule yule. Ana mikono mizuri."

"Mikono iliyokuvunja wewe!"

"Sukuma, mwanangu. Mdomo hauna magurudumu."

Karakana ya Fundi Polepole ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara. Walimpa jina hilo kwa sababu kazi ya saa moja aliifanya kwa saa tatu. Alimpa mama kigoda, akamwuliza habari za bega, kisha akaenda kunawa mikono. Kipilipili akazunguka nyuma ya kibanda. Pikipiki ya fundi iliegeshwa pale peke yake, kuukuu lakini safi.

Alikuwa ameficha spana ya mama chini ya sweta. Akaishika nati inayofunga ekseli ya gurudumu la mbele, akaikanyagia spana kwa mguu. Nati ikalia, ikaachia. Akaizungusha mara nne. Hakuitoa yote, alitaka fundi afike mbali kwanza. "Nawe ukaonje," alinong'ona. Akairudisha spana chini ya sweta, akitabasamu.

Aliporudi, fundi alikuwa ameisimamisha pikipiki ya mama kwenye stendi kubwa na kuweka tofali zito nyuma ya kiti, gurudumu la mbele likaning'inia hewani.

"Fungua usukani," Kipilipili alisema. "Tatizo liko hapo."

Mama akamkata jicho. Fundi akatabasamu. "Daktari gani hupasua kabla ya kupima?"

Alipima upepo wa tairi. Ulitosha. Akachuchumaa, akashika shokapu mbili za mbele, nguzo zinazobeba gurudumu, kwa chini, akazivuta kwake na kuzisukuma. "Gololi zikiwa zimelegea, utasikia *ko, ko*. Sikiliza."

Kimya.

"Jaribu tena," alisema Kipilipili.

Fundi alijaribu tena. Kimya kile kile. Akauzungusha usukani kushoto na kulia. Ukateleza bila kukwama. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa kupima beringi. Halikucheza. Kila kipimo kilichopita kilimnyima Kipilipili utamu wa kulipiza kisasi, na akazidi kumchukia fundi kwa kukosa kosa.

Kisha fundi akachukua kipande cha chaki, akakiegemeza kwenye shokapu karibu na rimu, akalizungusha gurudumu. Chaki haikugusa duara lote. Iligusa upande mmoja tu, *shwa*, ikaacha, *shwa*, ikaacha.

"Rimu inacheza ngoma," alisema. Akagonga spoko moja moja kwa spana. Zilizo tupu zilisema *ting*. Zenye mirija zilisema *dub*. Akachana mrija mmoja kwa kisu, akainama karibu.

"Nani ameng'ata hapa kwa koleo? Spoko hizi zimelegea, ndizo zilizotikisa usukani."

Kipilipili akasogea kutazama. Aliijua ile alama. Mirija iliyochanwa huanguka haraka, kwa hiyo aliamua kuipitisha mizima. Alifungua spoko moja moja, akaivisha mrija, akairudishia kwa vidole na kuimalizia kwa koleo la jikoni. Spoko kumi na nane. Zote alidhani zimekaza.

"Nitahitaji spoko chache mpya," fundi akamwambia mama. "Nakwenda dukani, huko chini ya mteremko. Sichelewi."

"Baba, nipeleke na mimi!" Binti yake alikuwa amefika kutoka shule. Akamkonyeza Kipilipili, akazunguka nyuma ya kibanda mbio. Mara wakasikia injini ikiwashwa. Pikipiki ikatokeza, baba na mwana juu yake, ikielekea barabarani.

Kama Kipilipili angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Wangesema pikipiki kuukuu imechakaa.

"Simameni!" Alikimbia akasimama mbele ya gurudumu, mikono ameitanua. "Msiende! Nati nimeilegeza mimi!"

Fundi akazima injini. Akashuka, akaigusa nati kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kizibo cha chupa. Binti yake alishuka polepole. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Na spoko pia ni mimi," Kipilipili alisema huku akilia. "Nilizifungua ili nivishe mirija. Mama, ni mimi niliyekuangusha."

Mama aliinuka kutoka kigodani. Akasema, "Ya bega nitasamehe, hukukusudia. Hii ya nati uliikusudia. Hii ndiyo inayonitisha."

Fundi akamkabidhi spana. "Kaza." Akakaza. Fundi akapima mwenyewe, akakaza tena. Akaenda dukani akarudi na spoko mpya, kisha akamketisha Kipilipili mbele ya gurudumu la mama, akamwonyesha jinsi ya kukaza spoko robo mzunguko kwa zamu, upande huu na upande ule. Binti wa fundi, bila kuambiwa, akashika chaki.

"Yale mayai," alisema akitazama chini, "sikupaswa kucheka."

Jua lilipokaribia kuzama, chaki haikugusa tena rimu, na kila spoko, sasa bila mrija, ilisema *ting*.

"Umeniona," alisema Fundi Polepole, "nimepima tairi, usukani, beringi, ndipo nikafika kwenye spoko. Wewe ulianza na mtu unayemchukia, ukakaza hukumu kabla ya kupima chochote. Chuma kilicholegea hukuonya kwa kutikisika, mwanangu. Hasira haitikisiki. Hukupeleka sawasawa, kwa kasi, mpaka kwenye mteremko. Kila Jumamosi utakuja kupima nati yangu, mpaka niseme basi."

"Na nikisema mimi basi?" mama akauliza.

"Wewe huna haki ya kusema, Mama Mayai. Wewe ni majeruhi."

Mama akacheka, akajishika bega kwa maumivu, akamkabidhi Kipilipili usukani aisukume pikipiki nyumbani.