Feni Iliyonyamaza

Saa saba na robo mchana, mke alifungua mlango wa chumba cha kusomea, akapokelewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Laptopu yake ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa chenye maua mekundu ambacho mama mkwe alikifuma kwa mikono yake. Alipokivuta, kilikuwa cha moto. Mashine chini yake ilikuwa imekufa, na ndani yake zimekufa sura tatu za mwisho za tasnifu ya udaktari wa falsafa iliyotakiwa chuoni Jumatatu.

Hakupiga simu kituo cha polisi. Alimpigia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mpelelezi wa polisi mwenye cheo na ulimi mkali.

"Wifi, njoo umchukue mama yako. Kesho nisimkute hapa."

Mpelelezi alipofika saa kumi, begi la mama lilikuwa tayari mlangoni. Bi mkubwa huyo, aliyeuza nyumba yake ili aje kulea wajukuu, alikaa kando ya begi kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Nyumba nyingine hakuwa nayo. Binti yake alipandwa na hasira, akaimeza. Kazi kwanza.

"Mama, uliifunika saa ngapi?"

"Baada ya chai ya saa tano. Vumbi lilikuwa linaingia dirishani."

"Hukuona kwamba inawaka?"

"Mwanangu, kitu kile kikiwaka nyumba nzima inajua. Kinanguruma kama mashine ya kusaga. Leo kilikuwa kimya, nikajua kimezimwa."

Mke alikuwa amesimama dirishani, macho mekundu. "Mimi niliiwasha saa nne. Nikaiachia majedwali ya utafiti iyahesabu, kazi ya saa tatu, nikakimbia kumwona msimamizi wangu. Feni hunguruma ikishapata moto, kwa hiyo sikukaa kuisikiliza."

"Nakala nyingine huna?"

"Ilikuwa kwenye flashi. Juzi mume wangu aliiazima kwa mitihani ya shuleni, akafuta kila kitu bila kujua."

"Bila kujua," mpelelezi alirudia.

Dada wa kazi alianza kulia kabla hajaulizwa. Asubuhi alipiga pasi kwa soketi ileile, na tangu mchana alikuwa akiomba Mungu isiwe pasi. Mpelelezi alichomeka chaja, taa yake ikawaka kama kawaida.

"Jifute machozi. Umeme hauna kesi hapa."

Akabaki mume, mwalimu wa sekondari, mtu wa sauti ya upole. Alimshika mama yake bega huku akizungumza.

"Dada, mama hakukusudia. Ni uzee tu. Saa sita nilipita kuchukua karatasi zangu, nikaisikia inanguruma humo ndani, feni inatafuta hewa chini ya kitambaa. Laiti ningeingia!"

"Uliisikia mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu haya mawili."

Mama aliinamisha kichwa. Mpelelezi akaomba bisibisi.

Bisibisi ilitoka kwenye droo ya mume, maana yeye ndiye aliyekuwa akiifungua ile laptopu kuipangusa vumbi. Mara ya mwisho ilikuwa jana jioni, mke alisema, tena bila kuombwa. Mpelelezi aliigeuza mashine, akafungua skrubu moja moja huku wote wakitazama. Feni ilikuwa safi, haina hata chembe ya vumbi. Lakini waya wake ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri na kusukumwa chini ya betri.

"Feni isiyo na umeme haingurumi, hata uifunike magunia kumi," alisema mpelelezi. "Mama alikuta kimya. Wewe saa sita ulisikia nini?"

Mume alijaribu kucheka. "Basi nilisahau kuurudisha waya."

"Kusahau ningekubali. Lakini mwenye kusahau angesema alikuta kimya. Wewe uliingia, ukakiona kitambaa, ukaona umepata wa kumtwisha. Mama yako mzazi! Na flashi je, nayo ulisahau?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia kwenye kiti. Alikaa, akawa anaisemesha sakafu.

"Shuleni sina jina tena. Wananiita mume wa daktari, na hata udaktari wenyewe hajaupata. Mimi nilipokatishwa masomo, nani alilia? Nilitaka achelewe tu. Mwaka mmoja."

Mke hakupiga kelele. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, nimekukosea. Nisamehe. Begi lako lirudi ndani. Wa kuondoka hapa si wewe."

Bi mkubwa alimtazama mwanawe. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ilikuwa inanguruma."

"Mama?"

"Niliisikia, nikaifunika hivyohivyo. Mwanzo nilikudanganya."

"Mama, waya umeuona mwenyewe!"

"Waya mimi siujui. Nikibaki mimi, ataondoka yeye, na wajukuu wangu watakosa baba. Nipeleke kwako."

Miaka yote ya kazi mpelelezi alikuwa amevunja uongo wa majambazi na matapeli, lakini huu ulimshinda. Mke alibaki pale chini, kitambaa mkononi. Mpelelezi alimtazama mdogo wake, akingoja aseme neno, hata moja tu.

Mdogo wake aliinuka, akanyanyua begi la mama, akalipeleka kwenye gari la dada yake.