Mvumu wa Sijaona na Kiota cha Tai

Kila asubuhi Sijaona hupalilia lengalenga zake, yaani mchicha, huko Kibenga. Parseli yake, kipande chake cha shamba, inaanzia kwenye mti mkubwa wa mvumu na kuteremka mpaka ziwani. Juu ya mvumu kuna kiota cha tai, wale wenye kichwa cheupe wanaokula samaki. Tai wakipiga kelele, Sijaona huwajibu, "Nimesikia. Mumeamuka."

Marehemu mume wake aliinunua parseli hiyo zamani. Mwaka wa 1995 vita vilimtoa Sijaona katika mtaa wa Kamenge na watoto wanne, mkubwa wao Assia, na sufuria moja. Parseli hii ndiyo aliyobaki nayo.

Siku moja mwaka wa 2002 alikuta karatasi imepigiliwa kwenye mvumu. Mdogo wake Hamimu, fundi wa magari, akamsomea. "Mahali pa kulinda tai. Hatua hamsini kuzunguka mti, ni marufuku kulima na kujenga."

Sijaona akahesabu hatua kutoka mtini. Kabla ya kufika hamsini, miguu yake ilikuwa ndani ya maji.

"Vita ilinitoa Kamenge," akasema. "Apa sihami tena."

"Dada, dawa yake ni shoka," Hamimu akajibu. "Muti ukianguka, tai atalindwa wapi?"

Kesho yake Hamimu alianza kuukata mvumu. Jirani yao Mathilde, mkimbizi kutoka Bukavu, alisikia pigo la kwanza. Huko kwao aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya hifadhi ya wanyama. Alikuja na unga bado mikononi.

"Hamimu, hasira hasara. Weka shoka chini. Mama Assia, karatasi ya kununua parseli iko wapi?"

Sijaona akaitoa kwenye kopo. Mathilde akasoma: "Kutoka mti wa mvumu mpaka ziwani."

"Mukikata uyu muti, mupaka wenu mutauonyesha wapi? Kesho mutu atasema parseli yako inaanzia kule kwenye matope."

Sijaona aliogopa sana. Kidogo tu wangejinyang'anya shamba wenyewe.

"Sasa ninyamaze?"

"Apana. Anayenyamaza amekubali." Mathilde akaonyesha maandishi madogo chini ya tangazo. Hamimu hakuyasoma. Yalisema mwenye shamba anaweza kupinga kwa barua ndani ya siku thelathini. "Andika. Usimupinge tai, pinga kile kipimo. Miaka yote unalima na tai anazaa. Waambie ivyo."

Waliandika barua mbili zinazofanana. Sijaona akazipeleka komini, kwenye ofisi ya serikali.

"Acha moja hapa, nenda," karani akamwambia.

"Yangu nayo ipigwe kashe, ionyeshe mumeipokea."

"Mkubwa hayupo."

"Mi nitamungoja," akasema, akakaa kwenye benchi. Saa nane mchana muhuri ulipigwa.

Baada ya wiki tatu mtu wa ofisi ya mazingira alikuja kupima. Alimkuta Sijaona analima na tai analalia mayai juu ya mvumu. Wakakubaliana. Kulima kwa jembe ni ruhusa. Kukata mti, kuchoma majani na kujenga karibu na kiota ni marufuku. Mvumu ukachorwa kwenye ramani, pamoja na mpaka wa Sijaona.

Mwaka uliofuata alikuja bwana mmoja na kamba ya kupimia. Alisema parseli ni yake.

Sijaona alimwonyesha ramani, kisha mvumu wenye kovu la shoka. Bwana yule aliutazama mti, akakunja kamba yake, akaondoka.

Hamimu alishika lile kovu. "Dada, ningetukatia shamba."

"Kamata jembe," Sijaona akasema. "Lengalenga zinatungoja."