Bibi Aliyeoga Gizani

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule, alimkuta bibi yake sebuleni akimsubiri. Jina hilo la Chiriku alipewa na watu wa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alianza kusimulia habari za shule hata kabla ya kuvua viatu, na Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

Bibi, mama mzazi wa mama yake Chiriku, alihamia kwao baada ya Babu kufariki. Tangu alipofika alijitahidi asimsumbue mtu. Hata chakula kikizidi chumvi, yeye alisema kimekolea vizuri.

Jioni moja Chiriku alikwenda bafuni kunawa miguu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu na ndani kulikuwa na giza, kwa hiyo akajua hakuna mtu. Akabonyeza swichi. Taa ikawaka, na juu ya dirisha feni ya kutolea mvuke ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga.

"Zima, mwanangu! Zima!"

Chiriku alishtuka. Bibi alikuwa amesimama pale, amejifunga taulo, mkono mmoja ukipapasa ukuta na mwingine ukiziba sikio. Kwenye goti lake kulikuwa na alama ya kuvilia damu. Chiriku akazima haraka.

"Bibi, kwa nini unaoga gizani?"

"Nikiwasha taa, na hilo dubwana linawaka," Bibi alisema huku akihema. "Ninyi mmelizoea. Mimi linanigonga kichwani, moyo unanienda mbio. Giza halina kelele."

"Na goti je?"

"Niliteleza kidogo tu. Usimwambie mama yako, ana mengi ya kufikiria. Niahidi, mjukuu wangu."

Chiriku aliahidi. Lakini ahadi hiyo ilimlemea. Wakati wa kula alikuwa kimya hadi baba yake akatania, "Jamani, leo nani ameizima redio yetu?" Mama alicheka. Bibi aliinamisha macho kwenye sahani yake.

Kesho yake jioni, Chiriku alikuwa akifanya kazi ya shule aliposikia kishindo kutoka bafuni. Alikimbia hadi mlangoni. Chini ya mlango hapakuwa na mwanga.

"Bibi! Umeanguka?"

"Ni ndoo tu!" Bibi alijibu kwa kicheko, lakini sauti yake ilitetemeka.

Chiriku hakusubiri zaidi. Alikwenda jikoni, akamshika mama yake mkono na kumweleza yote, machozi yakimtiririka. Mama aliacha sufuria ilivyokuwa, akaenda kumtoa Bibi bafuni.

Usiku huo Bibi hakumtazama Chiriku usoni. "Nilidhani tumeelewana," alisema, kisha akaenda kulala. Chiriku alihisi kama amefungiwa mlango.

Fundi umeme alikuja mwisho wa wiki. Alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye ngazi begani na bisibisi mfukoni.

"Si uing'oe tu hii feni, tupumue?" Baba alimwuliza.

"Mkiing'oa hamtapumua," fundi alijibu, akawaonyesha madoa meusi kwenye kona ya dari. "Huu ni ukungu. Mvuke ukikosa njia ya kutoka, ukungu huu utaenea dari nzima, na vifua vitaanza kubana. Hii yenu imechakaa, ndiyo maana inapiga kelele. Tuweke nyingine iliyo tulivu."

Alizima umeme kwenye swichi kuu, akashusha feni ya zamani iliyojaa vumbi, akafunga mpya. Umeme uliporudi, akawasha taa. Wote wakatega masikio.

"Mbona haijawaka?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

Fundi akatabasamu. Alichukua kipande cha karatasi laini, akakisogeza kwenye feni. Karatasi ikavutwa, ikanata pale pale. "Inafanya kazi, mama. Ila hii ina adabu."

Bibi aliingia, akasimama chini yake, akafumba macho na kusikiliza. Mabega yake yakashuka taratibu.

Jioni ile Bibi alioga kwenye mwanga. Alipotoka, alikaa karibu na Chiriku na kumvuta ubavuni.

"Nilikununia bure, mwanangu. Nilikutwisha mzigo wa watu wazima. Sikiliza: siri ya kumfurahisha mtu, itunze. Lakini siri inayoweza kumuumiza mtu, mpelekee mtu mzima unayemwamini, hata kama mwenye siri atakasirika."

"Hata akiwa bibi yangu?"

"Hasa akiwa bibi yako. Na mimi nimejifunza. Kuvumilia kinachoniumiza, huku watu wanaonipenda wako chumba cha pili, si wema. Ninawanyima tu nafasi ya kunisaidia."

"Basi sema, Bibi. Kuna kingine kinachokusumbua?"

Bibi alisita, akatazama huku na huku, kisha akanong'ona: "Mto wangu. Mgumu kama tofali."

Chiriku alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha aliinuka, akaenda kumletea wake.