Pengo Katika Kenzan

Kila Jumanne masomo yakiisha, Wakana Tsukioka alivua viatu vyake vya ndani, visivyoruhusiwa kukanyaga nje, mlangoni mwa chumba cha mikeka, akavipanga ncha zikielekea nje, kisha akaenda kujaza ndoo maji. Alikuwa darasa la tano. Katika chama cha maua cha shule yao mjini Sanjo, wenzake walipenda kupanga maua na kusifiwa. Wakana alipenda hata kuosha vyombo, jambo ambalo mama yake hakulielewa kabisa, maana nyumbani kuosha sahani kulimshinda bintiye.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutunza kenzan. Kenzan ni kipande kizito cha risasi kinacholala chini ya bakuli la maua. Juu yake zimesimama sindano za shaba njano, zimesongamana kama meno ya kitana, na shina la ua likichomekwa hapo husimama imara. Sindano zilipinda kila ziliposhika tawi gumu, na Wakana alizinyoosha moja moja kwa kibomba chembamba cha chuma.

"Taratibu, binti," Mwalimu Sakamaki alizoea kumwambia. "Sindano ikipinda na kunyooshwa kila wiki, mwisho hukatika."

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imerundikana uani, mwalimu aliwaita Wakana na Suzune Honma. Sherehe ya kuwaaga darasa la sita ilikuwa Ijumaa.

"Bakuli kubwa la ukumbini atapanga Wakana," alisema. "Suzune, wewe utamkatia matawi."

Wasichana hawa walikuwa marafiki tangu chekechea. Kusema kweli, Suzune alikuwa na jicho zuri zaidi kwa maua, na mwaka uliopita bakuli lile lilikuwa lake. Lakini alichelewa mara kwa mara na hakuwahi kushika kitambaa cha kufutia. Aliinama kuitikia, uso umemkunjamana kama aliyeng'ata plamu ya chumvi. Mwalimu hakuona, au aliona akanyamaza. Wanachama wengine walikwenda nyumbani, naye mwalimu akaenda ofisini kupiga simu.

Wakabaki wawili. Wakana alichagua tawi refu la mpichi lililopinda vizuri kuelekea kushoto, lenye chipukizi nono la waridi kwenye ncha. Alimpa Suzune alishike, akageuka kuchukua bakuli. Akasikia mkasi: kacha! Ncha ya tawi, na chipukizi lake, vilikuwa vimelala mkekani.

"Wee! Umefanya nini?"

"Nimekata. Si nimeambiwa nikate?"

"Umekata kichwa chote!"

"Aa, mkasi umeteleza."

"Umeteleza au ni wivu?"

Suzune akacheka kwa pua. "Wivu wa nini, wa kuosha ndoo? Unadhani umechaguliwa kwa ufundi? Umechaguliwa kwa sababu unamfulia mwalimu vitambaa. Mtumishi wa maua, wewe!"

Wakana alimchapa tawi usoni. Hakufikiri hata kidogo. Magome yakamchana Suzune shavu, na Suzune akamrukia, akazishika nywele zake kwa mikono yote miwili na kuzivuta kana kwamba anang'oa figili. Walianguka pamoja. Ndoo ilipinduka, maji yakatapakaa kwenye mikeka. Wakana alimpiga kiwiko mbavuni. Suzune akamng'ata bega kupitia sweta mpaka Wakana akapiga yowe. Kisha Suzune aliokota mkasi. Labda alitaka kumtisha tu. Lakini ulikuwa wazi mkononi mwake, na macho yake hayakuwa ya rafiki wa chekechea.

"Sogea uone!" alisema huku akihema.

Wakana alirudi nyuma akipapasa. Nyuma yake kulikuwa na bakuli la wiki iliyopita ambalo lilikuwa bado halijaoshwa, maji yake mazito yamechacha na kunuka mashina yaliyooza. Mkono wake ukazama humo na kutoka na kenzan. Akairusha kwa nguvu zake zote.

Suzune aliinua mkono wa kushoto kukinga uso. Kenzan ikatua juu ya mkono huo na haikuanguka. Ilining'inia pale, sindano zimezama ndani ya nyama, na wote wawili wakaitazama. Kisha Suzune akaing'oa. Damu ikachomoza nukta nukta, nyingi, zikaungana na kuanza kutiririka kwenye kiganja mpaka kwenye mkeka.

"Suzune. Suzune, samahani. Sikukusudia."

"Umekusudia!" Suzune aliubana mkono kifuani. "Ungenitoboa macho!"

"Na wewe ulishika mkasi!"

Nyayo zikasikika mbali kwenye korido. Wakatazamana. Mmoja alikuwa amekata tawi kwa makusudi, mwingine amemtoboa mwenzake mkono, na kila mmoja aliogopa kufukuzwa chamani. Hawakuhitaji maneno mengi. Suzune aliuzungushia mkono kitambaa na kuuficha ndani ya koti. Wakana akafuta maji na damu. Mwalimu Sakamaki alipoingia, aliambiwa kwamba ndoo imepinduka na tawi limevunjika kwa bahati mbaya.

"Na shavu lako, Suzune?"

"Tawi limenikwaruza, Mwalimu."

Nyumbani, Suzune alimwambia mama yake kwamba alianguka kwenye theluji akaushika uzio wa seng'enge. Mama Suzune alikuwa mnoa visu kiwandani, mwenye makovu ya kila aina mikononi, na matundu madogo hayakumshtua. Aliosha, akapaka dawa, akafunga.

Jumatano Suzune alikuja shuleni na glavu moja ambayo hakuivua hata darasani. Hakumsemesha Wakana. Jioni Wakana alikwenda peke yake kwenye chumba cha mikeka kuandaa bakuli la ukumbini. Aliisugua kenzan ile kwa mswaki, akachukua kibomba chake kunyoosha sindano zilizopinda. Ndipo alipoona pengo. Karibu na ukingo palikosekana sindano moja, na mahali ilipokatikia pangali pang'avu, rangi ya dhahabu, maana pamekatika juzijuzi.

Aliinama akapapasa mikeka yote kwa viganja. Aliinua kingo zake, akachungulia kwenye ndoo, akakamua kitambaa. Hakuna. Alijua ilipo. Kisha akajiambia kwamba huenda ilikatika siku nyingi na hakuwa ameona, na kwamba Suzune angelalamika kama kungekuwa na kitu ndani. Alichomeka tawi jipya mahali penye pengo, akalipeleka bakuli ukumbini, akaenda nyumbani kula wali na samaki, na hakumwambia mtu.

Alhamisi kiti cha Suzune kilikuwa kitupu. Mwalimu wa darasa aliingia na sura nzito.

"Honma amelazwa hospitali tangu alfajiri," alisema. "Ana homa kali. Mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Madaktari wanafanya kila wanaloweza kuuokoa. Tumwombee mema."

Kuuokoa. Wakana alisimama bila ruhusa. Alipita mbele ya mwalimu, akakimbia hadi ukumbini, akatia mkono kwenye bakuli kubwa na kuing'oa kenzan, matawi na maua ya haradali yakaanguka chini. Aliifunga kwa skafu yake na kutoka mbio. Alikuwa nje ya lango ndipo alipogundua kuwa amevaa viatu vya ndani, jambo ambalo mwanafunzi wa shule ile hakuthubutu hata nyumba ikiungua. Theluji iliyoyeyuka ikaingia hadi kwenye soksi. Aliteleza mara mbili, mara ya pili akaanguka na sindano zikapenya skafu na kumchoma paja. Akanyanyuka na kuendelea.

Nje ya wodi alimkuta Gota, kaka yake Suzune, kijana wa sekondari mwenye mabega mapana ya judo. Mama Suzune alikuwa ameketi kwenye benchi, bado na aproni ya kiwandani.

"Si seng'enge," Wakana alisema kabla hajapata pumzi. "Ni mimi. Nilimrushia hii." Akafungua skafu. "Sindano moja imekatikia mkononi mwake. Ilikuwa kwenye maji yaliyooza."

Gota hakungoja neno jingine. Alimkamata ukosi, akamwinua na kumbamiza ukutani mpaka bango la kunawa mikono likaanguka. Kisogo cha Wakana kiligonga ukuta na macho yakaona nyota. Mkono wa kijana ukambana kooni.

"Nitakuua! Unasikia? Nitakuua!"

Mama Suzune alimshindilia mwanawe mkoba mgongoni, mara moja, kwa nguvu ya mtu anayeshika chuma siku nzima. "Mwache! Ukimkaba atasemaje kwa daktari? Mwachie, mjinga wewe!"

Gota akamwachia. Wakana aliteleza chini, akikohoa. Mama Suzune alimshika mkono, akamkokota hadi chumba cha daktari, akamsukuma mbele.

"Sema tena. Yote."

Akasema yote. Daktari aliitazama kenzan, akaligusa pengo kwa ncha ya kalamu, akaamuru picha ya eksirei. Kwenye picha, kati ya mifupa miwili ya mkono, kulikuwa na mstari mweupe mfupi, umelala ubavu.

"Tumekuwa tukimpa dawa, na dawa haifanyi kazi kwa sababu hii imo ndani," alisema. "Mpelekeni chumba cha upasuaji. Sasa hivi."

Wakana aliyasikia mayowe ya Suzune walipomsogeza kwenye kitanda cha magurudumu. Mkono ule ulikuwa mwekundu na umetuna, ngozi imevutika hadi inang'aa, na mchirizi mwekundu ulikuwa umepanda kuelekea kwapani. Kila kitanda kilipotikisika, Suzune alipiga kelele. Wakana aliziba masikio, kisha akaona haya na kuiondoa mikono.

Walimpasua mkono, wakatoa sindano na usaha mwingi kuliko Wakana alivyodhani mkono unaweza kubeba. Mkono ulipona. Vidole viwili vilibaki vigumu, na daktari alisema vingehitaji mazoezi ya miezi mingi. Sherehe ya Ijumaa ilifanyika bila maua ukumbini.

Suzune aliporudishwa nyumbani, Wakana na wazazi wake walikwenda kwao na sanduku la peremende lililofungwa vizuri. Wote watatu walipiga magoti kwenye sakafu ya kiingilio, paji la uso chini. Mama Suzune alisimama mbele yao na hakulipokea sanduku.

"Inueni vichwa," alisema. "Baba Wakana, hapo pana maji, utaharibu suruali."

Suzune alitokea nyuma ya mama yake, mkono umefungwa bandeji nene. Alikuwa amekonda. "Mama, mimi ndiye niliyeanza," alisema. "Nilikata tawi lake kwa makusudi. Nikamshikia mkasi."

"Nimeshaambiwa na mwenzako, na nilikuwa nangoja nisikie kwako. Imekuchukua muda." Mama Suzune alichutama ili uso wake uwe sawa na wa Wakana. "Sikiliza, wewe mtoto. Uliporusha lile dude ulikuwa na hasira. Hasira naijua. Mimi nilimng'oa dada yangu jino kwa kijiko cha wali. Hilo ningekugombeza, ningepiga kelele mpaka majirani watoke, na yangekwisha. Lakini Jumatano uliona pengo. Jumatano hukuwa na hasira. Ulikuwa umetulia, unajua, na ukaenda nyumbani kula."

Wakana alishindwa kumtazama. Machozi yalimdondoka kwenye magoti.

"Usiku huo mwanangu alilia mpaka akatapika, na mimi nikampaka dawa ya mikwaruzo ya uzio." Akageuza kichwa nyuma. "Na wewe, Suzune, usijifiche nyuma yangu. Ulidanganya mtu aliyekuwa anakutibu. Ukimficha daktari kilichokuumiza, atatibu uongo wako na mkono wako utaendelea kuoza. Mmesikia nyote wawili? Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Kipigo cha siku hiyo mtu hukipona."

"Nimesikia," alisema Wakana. "Niliogopa."

"Nilijua uliogopa. Hata ulipokuja hospitali uliogopa, na Gota akakubamiza, na bado ukasema. Sindano ikaonekana." Mama Suzune alisimama, akalitazama lile sanduku, kisha mkono wa binti yake. "Siku ya kusema ukweli ilikuwa Jumanne. Ungesema Jumanne, Wakana, leo angekuwa anavikunja vidole vyake vyote."