Fundi Asiyeomba Radhi

Siku ya mnada, barabara kuu ya Isiolo hujaa mpaka mbuzi huombana njia kwa adabu. Siku moja kama hiyo Yattani, plamba wa ovaroli ya bluu, alitoka duka la vifaa vya ujenzi na bomba la futi ishirini begani. Mtu akamwita kutoka nyuma. Fundi mwenye akili huitika bila kugeuka. Yattani aligeuka.

Ncha ya mbele ikamvua mzee mmoja kofia na kumvika ngamia. Ncha ya nyuma ikafagia meza ndogo iliyokuwa chini ya mwavuli wa kijani. Chupa ya chai iliruka, karatasi zikatawanyika hadi miguuni pa akina mama wa maziwa.

Mwenye meza alisimama. Dira la zambarau, shungi la hariri, hina mpaka kwenye viwiko. Aliitwa Sahra, wakala wa bima.

"Warya! Wewe unajenga ama unabomoa?"

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Hukuniona? Na dira hili lote?"

"Sasa nimeona. Nimeona mpaka naogopa kugeuka tena."

Sahra alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Fundi, una bima?"

"Ya nini? Mimi sina gari."

"Ya hasara unayotia watu. Leo ni chai yangu. Kesho uko ndani ya nyumba ya mtu, je?"

"Huwa naingia na Bismillahi."

"Na maji yakitoka yenyewe, bila Bismillahi?"

Yattani akainama chini ya meza. Aliokota karatasi zote, akarudisha zote isipokuwa moja, ile yenye namba ya simu.

Jioni simu ya Sahra ikalia.

"Salaam aleikum. Ni yule wa bomba. Nauliza, chai ilikuwa ya tangawizi ama ya iliki, nikulipe?"

"Aleikum salaam. Iliki. Lakini sinywi chai ya mtu asiye na bima."

"Basi nikuletee maziwa."

Alileta maziwa, akaleta nyirinyiri, nyama ya kukaushwa kwa mafuta, kwenye kopo, akaleta na stori za Biliqo kwao, ambako, kwa maelezo yake, baba yake aliwahi kumzuia simba kwa kumsomea majina ya ukoo mpaka akalala. Miezi mitatu ikapita hivyo. Sahra alianza kujipaka wanja hata siku zisizo na wateja.

Siku moja akaona wakati umefika.

"Yattani, kule kwenu ukame ukimaliza ng'ombe wa mtu, ukoo hufanya nini?"

"Busa gonofa. Kila boma linatoa mnyama, mtu anaanza upya."

"Bima yangu ya takaful ni hiyohiyo, ila ya mafundi. Mnachangia chungu kimoja kabla, mmoja akiharibu nyumba ya watu, chungu kinamlipia. Hakuna askari atakushika kwa kukosa bima. Lakini siku moja mbaya itakula vyombo vyako vyote vya kazi, na jina lako juu yake."

"Umenishinda, jaalala," akasema, yaani mpenzi kwa lugha ya kwao.

Sahra akamsogezea fomu. Yattani akaisoma, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Kwako siwezi kutia sahihi."

"Kwa nini?"

Yattani akaangalia viatu vyake. Sababu alikuwa nayo, lakini ni ya kusemwa na wazee wawili ndani ya sebule, si kando ya barabara mbele ya mbuzi.

"Siwezi tu."

"Moyo unanipa, sahihi unaninyima? Basi kaa na vyote viwili!"

Simu zikanyamaza wiki mbili. Sahra akawa anafungua mwavuli kwa kishindo kana kwamba ni wa adui.

Tatizo ni kwamba kazi moja ilikuwa imeshapangwa. Sahra alilelewa na shangazi yake, Eedo Bisharo, mwenye malori matatu na ulimi wa lori la nne. Hakuna aliyemwoa binti wa nyumba hiyo bila neno lake. Aliposikia habari za plamba, alisema, "Kabla sijamwona sebuleni kwangu, nimwone kazini," akamwagiza aje nyumbani kwake Bulapesa kumfungia hita ya maji ghorofani. Sahra alipomwomba aahirishe, alijibiwa: "Ugomvi wenu hauchemshi maji."

Siku ya kazi, saa nne asubuhi, simu ikalia chini ya mwavuli.

"Sahra! Njoo! Mto Ewaso Nyiro umehamia sebuleni!" Eedo alipiga kelele.

Bomba la juu lilikuwa limechomoka kwenye kiungo. Maji yakapasua dari, yakashukia makochi mekundu na zulia la Uajemi ambalo Eedo alilitoa Dubai kwa ndege. Jirani mmoja anaapa aliona kambale akivuka mlango. Wa pili anasema hapana, alikuwa kiboko, ila mdogo.

Sahra alikimbia akiwa ameshika dira kwa mikono miwili. Hana bima, aliwaza. Atauza spana zake zote, na hazitatosha hata ncha ya zulia. Atakwenda Rapsu kulima vitunguu vya watu. Na Eedo, ambaye hakuwahi kusamehe kikombe kilichovunjwa, atalifuta jina lake nyumbani milele. Hapo ndipo hasira ya wiki mbili ilipomtoka yote, ikabaki hofu ya kumkosa.

Alimkuta Yattani amekunja suruali, anakamua kitambaa kwenye ndoo, midomo ameibana. Eedo Bisharo alikuwa juu ya stuli, mikono yake yenye hina ikielekea mbinguni.

"Zulia ni zulia, Sahra, lingine litasukwa. Lakini mtu huyu nimemwambia mara saba aniombe radhi. Mara saba! Wewe, sema tena ulichoniambia, asikie."

Yattani akainuka. "Nasikitika kwa tukio hili, Eedo."

"Tukio! Dari yangu ni tukio!"

Sahra alisimama, maji yakimfika kwenye vifundo. Maneno hayo aliyafahamu. Ndiyo aliyowafundisha wateja wake kila siku: hasara ikitokea, funga maji, piga simu, usikubali kosa wala usiahidi malipo mpaka mkadiriaji wa hasara afike. Hakuna plamba duniani anayesema "tukio" bila kufundishwa.

"Yattani," akasema polepole. "Una bima."

"Ninayo."

"Alhamdulillahi!" Pumzi aliyokuja nayo kifuani kutoka sokoni ikatoka yote, akashika ukuta. Pumzi ya pili ikaja ya moto. "Nani alikuandikia?"

Yattani akakamua kitambaa tena.

"Nani?"

"Karambu. Wa tawi lenu la Meru."

"Karambu! Yule wa kucha nyekundu? Mimi niko hapa, hatua tano kutoka duka la mabomba, wewe unapanda gari mpaka Meru kumpa Karambu sahihi? Na picha ya pasipoti ulimpa?"

"Mbili."

"Mbili!"

"Huyu Karambu ni mke wake?" akauliza Eedo kutoka juu ya stuli.

"Ni wakala mwenzangu, Eedo, ndiyo mbaya zaidi!"

Yattani akaweka ndoo chini. "Sahra, sikiza. Siku nimeharibu nyumba ya mtu, na karatasi imeandikwa na wewe, watasema nini? Watasema mke kamwandikia mume, wamepanga. Nilitaka karatasi isiyo na mkono wa mke wangu."

"Mke wako gani?" Sauti ya Sahra ilikuwa imepungua sana.

"Wewe. Nilikuwa namaliza hita, nije na wazee."

Sahra akaliachia dira lake likaloa majini.

Saa moja ya kukamua maji ikapita, mlango ukabishwa. Akaingia Mutea, mkadiriaji kutoka Meru ambaye Yattani alikuwa amempigia simu mapema, na gambuti zake. Alipiga picha, akapima dari, akabonyeza kochi, akaandika kurasa mbili. Mwishowe akafunga daftari.

"Dari, makochi, zulia, hayo yamo. Sioni shida yoyote, nitapeleka ripoti leo. Kile kiungo utakirudia mwenyewe, bwana fundi. Hatulipii kazi mbovu."

"Na sasa naweza kusema?" Yattani akauliza.

"Sema. Mimi nimemaliza kuandika."

Ikawa kama kizibo kimetolewa. "Eedo, nisamehe kwa zulia! Nisamehe kwa dari, na kwa makochi, moja moja. Nisamehe kwa kusema tukio, ulimi uliniuma mpaka mzizi. Sahra, nisamehe kwa Meru. Nisamehe kwa kunyamaza. Kosa langu, yote langu, mbele ya huyu bwana nakubali!"

"Basi, basi!" Eedo akapiga kelele, lakini mdomo wake ulikuwa umepinda kwa upande wa kucheka. "Utaifurisha nyumba mara ya pili. Sahra, unamtaka huyu?"

Sahra alifunika uso kwa shungi. "Namtaka, Eedo. Lakini Karambu asimwandikie tena."

"Sasa mwaka ujao nani?" Yattani akauliza.

"Mwanaume. Mzee. Asiye na meno."

"Nitamtafuta, laazizi. Hata kama yuko Marsabit."

Eedo akashuka kwenye stuli. "Mtu aliyelipia zulia langu kabla hajalilowesha ana akili ya kulisha binti. Lete wazee wako Ijumaa. Sasa kaeni tuongee."

Akatazama makochi, akatazama viti, vyote vikidondosha maji.

"Hapana, msikae," akasema, na chai ikaletwa, wakainywa wote wamesimama, pamoja na mkadiriaji.