Saa Moja ya Dubai

Saa 7:20 mchana.

Chumba cha nyuma ya gereji, Mwembesongo. Joto, harufu ya oili, wanaume watatu. Abuu, kiongozi, aliuma njiti. Nasibu alikagua grainda. Rehani, mume wa dada yake Nasibu, alisukuma simu katikati ya meza: picha ya tiketi ya Mzee Bartholomeo, mnunuzi wa rubi wa Kihonda.

"Dar kwenda Dubai, kilomita elfu nne, bila kutua popote. Kaondoka saa nne asubuhi, anafika saa kumi na nusu. Hesabuni wenyewe."

"Saa sita na nusu," Abuu alisema. "Na kamera zake?"

"Zinamwita yeye tu, kwenye simu. Na angani simu imezimwa."

"Intaneti ya kwenye ndege je?"

"Bartholomeo? Bahili yule karanga ananunua nusu kipimo."

Walicheka. Nasibu aliwazidi wote. Mgao wake ulikuwa na kazi moja: Mwanahawa, dada yake mdogo, alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alishasema atapasuliwa.

"Mtoto huyu tunamlea wawili, shemeji," Rehani alipenda kusema.

Saa 8:05.

Kihonda. Mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma, ikaficha kelele za grainda. Cheche ziliruka. Karibu saa tisa sefu ikafunguka. Droo ya juu, mfuko wa rubi.

"Natangulia nao Dumila, tutakutana huko," Rehani alisema. "Malizieni ya chini. Mna saa nzima na nusu." Akampiga Nasibu begani. "Taratibu, shemeji."

Pikipiki ikanguruma, ikapotea.

Saa 9:41.

Kamera ya ukutani ikawaka taa ya kijani. Ikakohoa.

"Wewe mwenye fulana nyekundu, kaa hapo hapo. Walinzi wapo getini."

Sauti ya Mzee Bartholomeo. Nyuma yake, tangazo la Kiarabu.

"Si yuko angani huyu?" Abuu alinong'ona.

Nasibu akakumbuka. Rehani alibeba zege Dubai miaka miwili. Kila Ramadhani alimpigia Mwanahawa kumtania: mimi nishafuturu, nyie bado mnalitazama jua, huku tumewatangulia saa nzima.

Saa kumi na nusu ya kwenye tiketi ilikuwa ya Dubai. Hapa ni saa tisa na nusu. Rehani alijua.

"Shemeji yako!" Abuu alifoka, akaruka dirisha la jikoni. Bunduki ikalia mara moja.

Nasibu alimpigia dada yake.

"Mumeo yuko wapi?"

"Si mko wote, kaka? Kachukua pasipoti asubuhi, na ile akiba ya hospitali. Kasema wewe ndiye uliyeitaka."

Mlango ulianza kupigwa mateke. Nasibu alivua kitambaa usoni, akaitazama kamera.

"Shikamoo, mzee."

"Huna haya wewe!"

"Sina. Mwenzetu wa tatu anaitwa Rehani. Rubi anazo yeye. Waambie wasimfuate Dumila. Yuko njia ya Dar, anawahi ndege."

Mlango ulivunjika. Walipomlaza chini, Nasibu alikuwa bado anataja namba ya pikipiki.