Mshumaa Tangini

Mimi nimetembea nchi nyingi na bado naogopa giza la choo changu. Rafiki yangu Lazaro, fundi wa kuchomelea, haogopi kitu. Kaka yake Modest alifia ndani ya tangi la kuchachushia mahindi, kwenye kile kiwanda cha pombe kali kilichokuwa kikiunukisha mji mzima wa Karatu uji uliochacha. Kabla mtu hajaingia tangini, kwanza hushushwa mshumaa. Ukizimika, hewa ni mbaya, huingii. Siku ile bosi wa kiwanda alikuwa na haraka, haukushushwa.

Kiwanda kilikufa. Juzi bosi akamwita Lazaro alikate tangi lilelile liuzwe kama chuma chakavu. Akaenda, maana ndiyo kazi iliyopo.

"Ingia tu, fundi. Limekauka zamani."

"Na Modest ulimwambia hivyohivyo, bosi?"

Lazaro akashusha mshumaa kwa kamba. Ukawaka vizuri mpaka chini kabisa. Kisha, kule gizani, wote wawili wakasikia mtu akivuta pumzi taratibu, halafu akapuliza: fuu.